Aliyepoteza Kitabu, Aaminiwe Tena?

Kuna kitabu nilikaa nacho miaka minne na hakikuwa changu. Ni Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, nakala iliyochakaa, mgongo umeshikiliwa na selotepu. Nilikiazima kwenye maktaba ya umma mapema mwaka 2020, nikiwa nimemaliza fomu foo nasubiri kuitwa chuo. Nilipaswa kukirudisha Machi. Machi hiyo ndiyo korona ilifunga kila kitu, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa na sababu, tena sababu ya maana. Baadaye maktaba zikafunguliwa, sababu ikaisha, kitabu kikabaki.

Si kwamba nilikipenda hadi nikashindwa kuachana nacho. Kilichotokea ni kwamba nilienda chuo, nikaacha mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani, nikarudi Bura, na tangu hapo nikawa mtu wa kukwepa. Namkwepa jirani anayeuliza, "Unamaliza lini?" Namkwepa mwalimu wangu wa zamani, ambaye ndiye aliyetia sahihi fomu yangu ya maktaba kama mdhamini. Maktaba nayo ikaingia kwenye hesabu ya mahali pa kukwepa.

Februari 2024 nikapanda matatu, kitabu kwenye begi. Maktaba yenyewe sitaitaja, wala mkutubi wake, maana sikumwomba ruhusa ya kumwandika. Wasomaji wote humwita Madam, nami nitamwita hivyo. Nilifika kabla ya saa tatu asubuhi, ujasiri wa kwenda moja kwa moja mezani kwake ukanitoka, nikavuta kiti kama msomaji wa kawaida. Ndivyo nilivyojikuta nimetazama kazi ya mkutubi kutwa nzima.

Wengi wetu hudhani kazi hiyo ni kunyamazisha watu. Madam alianza kwa kupangusa meza, kwa sababu vumbi la huku halisubiri mtu. Akafunga magazeti ya jana kwa kamba. Akapita kwenye rafu akirudisha vitabu mahali pake kwa namba, na kila kilichochanika akakiweka kando. Baadaye alikaa na gundi na mkasi, akavitibu kimoja kimoja. Mzee mmoja akaingia na fomu ya basari ya mjukuu wake. Hakuja kusoma kitu. Alitaka mtu wa kumjazia. Madam akamjazia, akamsomea alichoandika, akamwonyesha pa kutia kidole.

Wengine walikuwa watahiniwa. Walikuja na vitabu vyao wenyewe, wakitafuta meza, mwanga na utulivu, vitu ambavyo nyumba yenye watoto saba haina. Kufikia saa sita nilikuwa nimehesabu watu kama thelathini. Walioazima kitabu cha kwenda nacho nyumbani walikuwa wanne.

Angekuwa wa tano mvulana mmoja wa miaka kumi na mitatu hivi, mwenye sweta ya shule iliyotoboka viwiko. Alichagua kitabu, akakileta mezani. Madam akafungua daftari, akapitisha kidole, kidole kikasimama.

"Kile cha sayansi kiko wapi?"

"Madam, kilienda na maji."

Hakuhitaji kueleza maji gani. Mwisho wa mwaka 2023 mvua za El Nino zilipofurisha Tana, barabara zilikatika, mashamba yakazama, na watu wakahamia mahemani wakiwa na godoro na sufuria. Hakuna mama aliyesimama kwenye maji ya kiuno akauliza kitabu cha maktaba kiko wapi.

Lakini kanuni ni kanuni: anayepoteza kitabu hukilipa au huleta kingine kama hicho, na hapewi kingine kabla ya hapo. Bei ilikuwa shilingi 650. Madam aliandika deni, akamwambia anaweza kulipa hata hamsini hamsini, halafu akampa kile kitabu alichochagua na kumwonyesha kiti. Asomee humo humo, asitoke nacho. Mvulana alisoma hadi karibu saa saba, akakirudisha, akaondoka bila kusema neno.

Madam alipofungua mkebe wake wa chakula nikamsogelea. "Madam, si ungemsamehe tu? Maji yalibeba nyumba nzima."

"Wewe kijana umekuja kusoma ama kunichunga?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kingekuwa changu ningemsamehe pale pale. Hiki ni cha watu. Nikisamehe mali ya watu, mimi ndiye nitaonekana mwema, na gharama italipwa na mwingine. Kuna msichana amekuja mara tatu kuulizia kitabu hicho hicho cha sayansi. Yeye nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, na makala haya ndiyo mahali nilipofika.

Swali si la shilingi 650. Swali ni hili: mtu aliyepewa amana ikampotea, je, amepoteza pia haki ya kuaminiwa tena?

Wazee wetu wa pwani wamelijadili jambo hili kabla hatujawa na maktaba. Katika fikihi, kitu ulichoachiwa ukitunze na kitu ulichoazima ukitumie havina hukumu moja. Cha kwanza kikipotea bila uzembe wako, hulipi. Cha pili kina mjadala. Wanazuoni wa Hanafi wanasema aliyeazima asiyezembea hatozwi. Wa Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, wanasema hulipa hata kama hakuzembea, kwa kuwa alikichukua kwa manufaa yake mwenyewe. Ila wanatoa nafasi moja: kikichakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa, hadaiwi.

Nafasi hiyo inanifurahisha. Maana yake kitabu kilichopasuka mgongo kwa kusomwa hakina deni. Kimekufa kifo chake cha halali. Kilichobebwa na maji, basi, kina deni, na Madam alikuwa upande wa Shafi bila kusema. Kwa hilo nakubaliana naye. Kusema "ni maji tu, sahau" ni kumsahau msichana aliyekuja mara tatu.

Lakini deni ni kitu kimoja, na mlango ni kitu kingine. Tunavichanganya. Kwamba unadaiwa haimaanishi kwamba hufai kupewa tena.

Kabla ya mtu kupoteza chochote, kuna aliyekwisha kuamua nani anastahili kupewa. Mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni zake tano za kazi ya maktaba. Ya kwanza inahusu vitabu kutumika, wala si kulindwa tu, na ya pili inampa kila msomaji kitabu chake. Mwaka huo huo wa 1931, Nairobi ilifungua Maktaba ya McMillan, jengo zuri la nguzo za mawe lililojengwa kwa kumbukumbu ya Sir Northrup McMillan. Ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakupewa nafasi ya kupoteza kitabu wala ya kukirudisha, na hali ikabaki hivyo hadi 1958. Yaani watu walihukumiwa hawaaminiki kabla hawajaazima hata ukurasa. Kila nikisikia mtu akisema "watu wa huku hawarudishi vitabu," nakumbuka mlango ule.

Mfano wa upande wa pili uko karibu nasi. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia kutoka Garissa. Ilianza na ngamia watatu, vitabu vikiwa kwenye masanduku ya mbao, kuwafuata wafugaji wasio na makazi ya kudumu. Hebu fikiria kazi ya mkutubi yule. Anamwazima kitabu mtoto ambaye leo kwao ni chini ya mgunga huu, na mvua ikinyesha kwingine, wiki ijayo hayupo. Hakuna namba ya nyumba, hakuna sanduku la posta. Ukitaka uhakika, usifunge safari. Aliyefunga safari alikuwa amekubali mapema kwamba baadhi ya vitabu havitarudi, na akaona bado ni bora vitoke.

Mkulima wa Bura anaijua hesabu hii. Anapopanda mahindi anajua kuna mbegu italiwa na ndege na nyingine itaoza. Hapandi kwa sababu ana uhakika wa kila mbegu. Maktaba isiyopoteza hata kitabu kimoja nina wasiwasi nayo, kama shamba ambalo mbegu yake yote bado iko ghalani.

Na tukizungumzia madeni, Bura yenyewe ni mtoto wa mkopo. Mradi wa unyunyizaji ulioleta familia huku kutoka kila pembe ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 uligharamiwa kwa fedha za kukopa, zikiwemo za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa 1977. Zilipangwa hekta 6,700 katika awamu ya kwanza, na miaka ile haikufikiwa hata nusu. Mathenge iliyoletwa iwe kuni ikageuka msitu wa miiba unaofunga njia za mifugo. Je, nchi iliambiwa isikope tena hadi ilipe yote? Hapana. Ilikaa mezani, ikaeleza, ikakopeshwa tena. Wakubwa wakipoteza, tunasema kulikuwa na changamoto. Mtoto wa sweta iliyotoboka akipoteza, tunasema kanuni.

Kwa hiyo ningemwambia Madam hivi: andika deni, na kitabu atoke nacho. Nilimwambia, kwa kweli. Akatikisa kichwa. "Akipoteza cha pili, utakuja wewe kulipa?" Nikanyamaza, kwa sababu wakati huo kwenye begi langu, chini ya kiti, kulikuwa na kitabu chake cha tangu 2020.

Hapo ndipo mambo yaliponigeukia. Ni rahisi sana kuwa mkarimu kwa vitabu vya umma ukiwa umekalia kimoja. Katika miaka ile minne, ni wangapi walioulizia Siku Njema wakaambiwa imeazimwa? Labda kuna mtoto aliyeuliza mara tatu kama yule msichana, halafu akaacha kuuliza. Mimi sikupoteza kitu. Kitabu kilikuwa kizima, kavu, juu ya kabati la mama, na mvua zote zile hazikukigusa.

Basi kati yangu na yule mvulana, nani alivunja amana? Yeye hakuwa na kitabu lakini alikuja. Alijua kidole kitapita kwenye daftari na kitasimama kwenye jina lake, na bado akaleta kitabu kingine mezani. Mimi nilikuwa na kitabu na sikuja. Mtu akikuamini, anachokuachia ni zaidi ya kile kitu. Anakuachia pia haki ya kupata habari zake. Kitu kinaweza kubebwa na maji, lakini habari unaificha mwenyewe. Kama tunatafuta kipimo cha nani aaminiwe tena, nadhani ndicho hicho: aliyerudi na kusema. Mvulana yule alikuwa ameshatoa dhamana kubwa kuliko shilingi 650, na kwa hilo bado naamini Madam alikosea kumzuia. Lakini hakukosea kuandika deni.

Saa kumi na nusu, watu wakipungua, nilikwenda mezani nikaweka kitabu. Madam akakifungua nyuma, akatazama muhuri, akanitazama.

"Kumbe ndiyo maana umekaa hapa kutwa."

"Pole, Madam. Niliona haya."

"Vingi vinakaa huko kwa sababu hiyo," akasema. "Wezi ni wachache."

Akapiga hesabu ya faini kwenye kikaratasi. Ilikuwa chini ya nauli niliyotumia kuja. Miaka minne nimekimbia kitu cha bei hiyo. Nikalipa, akagonga muhuri, akakagua ule mgongo wa selotepu na kukiweka upande wa vitabu vya gundi. Kisha nikamwuliza kama naweza kuazima kingine.

"Kadi yako ilishakwisha. Utajaza upya." Akanisukumia fomu.

Niliijaza jina, kijiji, namba ya simu. Kazi nikaandika "mwandishi", kalamu ikisita. Chini kabisa kuna mstari wa mdhamini: mtu anayekufahamu, atakayeulizwa kitabu kisiporudi. Nikaukunja ule mstari ukiwa mtupu, nikatia fomu kwenye begi mahali Siku Njema ilipokuwa.

Mwalimu wangu bado anaishi Bura. Namjua nyumba, najua jioni hukaa nje kwenye kiti cha plastiki akisikiliza redio. Nimepita njia ya nyuma miaka miwili ili asinione. Ninapoandika haya fomu iko mezani, na wiki hii nitapita njia ya mbele.