RAMADHANI, SIKU YA 14: MTOTO NAYE AULIZWE



Nabii Ibrahim (a.s.) alikuwa na amri ya Mola, hana shaka nayo, na bado alimuuliza mwanawe anaonaje (Suratus-Saffat, aya ya 102). Sisi hatuna wahyi, tuna muhtasari wa kikao tu, halafu tunasema "watoto watajua nini!"

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa haki ya kusikilizwa katika maamuzi yanayomgusa. Lakini fedha za mgodi zikipangwa, anaitwa nani? Diwani, mtendaji, wazee. Aliyeacha shule akaenda kuponda mawe machimboni Geita anajua kilichomtoa darasani: njaa, umbali, au kiboko. Hatujamuuliza.

Mnaohofia adabu itapotea: Ismail (a.s.) aliulizwa, na jibu lake lilikuwa na adabu kuliko vikao vyetu wakubwa.

Wajumbe wa mitaa mliomo humu, kikao kijacho waiteni.