Moto wa Kariakoo na Kazi ya Kumbukumbu

Kumbukumbu haikai kichwani kama picha ukutani. Hujengwa upya kila inapoitwa. Hipokampasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, huunganisha vipande: vichochoro, kelele za wapagazi, harufu ya iliki. Chukua mfano wa Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililoungua usiku wa Julai 10, 2021. Kila mkasa ule unaposimuliwa, maneno ya majirani na video za simu hujipenyeza kwenye kumbukumbu ya msimuliaji. Mwaka 2000, mtafiti wa ubongo Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea, kisha ubongo huiimarisha tena. Mashahidi wawili waaminifu, basi, wanaweza kupingana vikali pasipo hata mmoja kudanganya.