Nenda Uling'oe Hilo Gego

Wewe wa Kamere, hapa kando ya Ziwa Naivasha, uliyefunga shavu kwa leso tangu Jumapili, maneno haya ni yako. Umetia karafuu. Umebana kidonge cha aspirini kwenye ufizi, na hicho kimekuunguza bure, kwa sababu aspirini hufanya kazi ikimezwa. Usiku hulali, na alfajiri basi la shamba la maua likifika unapanda hivyo hivyo. Yatosha! Kunywa chai, kula, panda matatu uende mjini Naivasha ukamwone daktari wa meno.

Unaogopa, najua. Lakini kumbuka wewe ni mjukuu wa nani. Wazee wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya chini ya mbele, Wamaasai mawili, na ganzi haikuwapo. Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba wewe unayo lignokaini, dawa ya ganzi iliyotengenezwa kwanza Uswidi mwaka 1943, na bado unatetemeka kuliko wao.

Sindano itachoma kidogo, mdomo utakuwa mzito, kisha daktari atagusa ufizi akuulize unahisi nini. Ukihisi uchungu, inua mkono, ataongeza. Akishika koleo utasikia jino likisukumwa huku na huku, na mlio wa kukwaruza utakaokupa kiwewe. Huo ni mfupa unaotanuliwa taratibu ili mizizi iachie. Ganzi huondoa uchungu, haiondoi msukumo. Pumua kwa pua, tuliza mabega. Kabla ya hayo yote mwambie kama una presha, kisukari, mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na muulize kama jino linaweza kuzibwa, maana la kuokolewa haling'olewi. Huku kwetu wengine hutaka kung'oa meno kwa kuwa tu ni ya kahawia. Ile rangi mara nyingi ni floraidi ya maji ya Bonde la Ufa, iliyoingia jino likiwa bado linaundwa. Si kuoza.

Sasa jino limetoka, umerudi nyumbani unajiona shujaa. Hapo ndipo wengi huharibu. Kwenye lile tundu damu huganda, na bonge hilo ndilo kifuniko cha mfupa na neva. Likitoka mapema, siku ya pili hadi ya nne utapata maumivu yanayopanda hadi sikioni, kuliko hata ya jino lenyewe. Kwa hiyo bana pamba kwa nguvu nusu saa bila kuchungulia kila dakika. Usiteme mate ovyo, meza. Usisukutue siku hiyo. Soda kwa mrija, sigara, chang'aa, chai ya moto: wekea kesho, na sigara iwekee mbali zaidi. Kesho yake ndipo uanze maji ya vuguvugu yenye chumvi, uyazungushe polepole na kuyaacha yamwagike yenyewe. Kula uji uliopoa, ndizi za kupondwa, ugali laini wa mchuzi, upande wa pili wa mdomo.

Kuinama kwenye vitanda vya waridi, kubeba ndoo, kuvuta nyavu pale ufuoni, vyote huamsha damu. Kwa hiyo omba karatasi ya daktari kabla hujatoka kliniki. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, ndani ya miezi 12, mradi awe na cheti. Dada yangu, supavaiza akinuna, mwonyeshe cheti. Hukuomba zawadi.

Mate yenye wekundu siku ya kwanza ni kawaida. Damu isiyokoma hata baada ya kubana pamba mpya, homa, uvimbe unaozidi baada ya siku tatu, kinywa kisichofunguka au kushindwa kumeza, hayo si ya kusubiri Jumatatu. Rudi siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.

Mambo yakienda sawa, ufizi utaziba ndani ya wiki chache, mfupa utajaa kimyakimya kwa miezi. Na ukiwa pale kwenye kiti, usifunge mdomo haraka: mwonyeshe na lile la upande wa kulia linaloshtuka ukinywa maji baridi. Hilo huenda likazibwa tu.