Kunguru wa Keko ana dhambi gani?



Ukitaka kutazama ndege hapa Keko, utaanza na kunguru tu: mweusi, shingo ya kijivu, yuko jalalani. Watu wanamchukia, na sababu wanayo. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, hata vifaranga vya kuku. Serikali imeshamtegea mitego na sumu.

Lakini hakuja mwenyewe. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ili ale takataka. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba pasipo akili na utashi huru hakuna dhambi. Basi kunguru hana hatia. Kumpunguza naona ni halali, ili ndege wengine wapone. Ila Katekisimu, namba 2418, inakataza kutesa wanyama bila sababu. Kumpiga mawe kwa hasira tu si kulinda uumbaji.

Katika Luka 12:24 Yesu anatuambia tumtafakari kunguru, maana Mungu humlisha. Sasa jiulize, huyu wa Keko analishwa na nani? Na sisi, kwa taka tunazomwaga mtaroni. Kabla hujamlaani, shika fagio.