Noeli ya Kwanza ya Mtoto ni ya Nani?



Kila mwaka Majilio yanapoanza, swali moja hurudi katika nyumba zetu: mwaka huu twende kwenu au kwetu? Swali hili huwa dogo mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Hapo linakuwa kubwa, maana sasa yupo mtu mdogo ambaye kila mmoja anataka kumpakata.

Niliulizwa swali hilo na bwana mmoja ambaye nilimfundisha yeye na mkewe mafundisho ya ndoa. Walikuwa Nagasaki, Japani, alikokwenda kusoma. Mtoto wao alizaliwa katikati ya Novemba. Haukupita muda, baba yake akapiga simu kutoka nyumbani: mama na mtoto wapande ndege, Noeli iwakute bomani. Kifungua mimba hali Noeli ugenini, alisema mzee. Bwana mwenyewe hangeweza kuondoka kwa sababu ya masomo. Mkewe alisikia maneno hayo akalia. Ndipo bwana akaniuliza, "Mwalimu, nikimkatalia baba nitakuwa nimevunja amri ya nne?"

Sikumjibu upesi, kwa maana nilikumbuka kosa langu. Mwaka 2006 mke wangu alijifungua binti yetu wa kwanza mwanzoni mwa Novemba. Tulikuwa tukikaa Mombasa. Mama yangu, aliyekuwa Busia, alikuwa amekwisha waambia majirani kwamba mjukuu anakuja. Mke wangu aliniomba tungoje Pasaka. Nikamwambia watu watanicheka. Tulipanda basi la usiku, dirisha moja halikufungika, na mtoto alifika akikohoa. Sikukuu niliimalizia kwenye benchi la hospitali, binti akitibiwa nimonia. Alipona, Mungu ashukuriwe. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya kile ndicho kilichonifundisha. Mimi ndimi niliyetoa heshima kwa mama yangu, lakini waliolipa gharama yake ni watu wawili ambao sikuwasikiliza.

Basi nilimwambia yule bwana hivi: kabla hujauliza kama ni dhambi kumkatalia baba, uliza kwanza ni nani atakayelipa ukimkubalia. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Japani hadi Nairobi. Mzazi mwenye mtoto wa wiki tano angepitisha siku nzima au zaidi njiani, akibadilisha ndege na kunyonyesha peke yake katika viti vya kungojea, baada ya kushughulikia pasipoti ya mtoto katika ubalozi ulioko Tokyo, mbali na Nagasaki. Baba mtu angebaki chumbani kwake na vitabu. Babu angebaki kwenye kiti chake. Mzigo wote ungekuwa juu ya mmoja, na huyo mmoja ndiye ambaye hajaulizwa neno. Heshima ambayo mtu huitoa kwa mgongo wa mwenzake si heshima bado.

Huko Japani mama mjamzito akijiandikisha katika ofisi za mji hupewa kitabu cha afya cha mama na mtoto. Kitabu cha namna hiyo kilianza kutolewa huko mwaka 1948, na kina mama wetu pia wanacho chao cha kliniki. Mimba, kujifungua, uzito wa mtoto na chanjo zake vyote huandikwa humo. Ni kitabu kimoja kwa watu wawili. Nilimwambia bwana akitazame. Anayemwita mtoto amemwita na mama yake, kwa hiyo yampasa ampime na mama pia.

Lakini, msomaji mpendwa, usifikiri kwamba babu hakuwa na haki yoyote. Wako vijana wa siku hizi wanaosema, "Mtoto ni wetu, tutafanya tutakavyo." Hilo nalo ni kosa. Mtoto si mali ya wazazi wake, kama vile si mali ya ukoo. Wajapani wenyewe wanalijua jambo hili. Kwa desturi yao, mtoto akifikisha kama mwezi mmoja hupelekwa kwenye hekalu lao la kimila, na zamani aliyembeba alikuwa bibi mzaa baba. Wanawake wengi pia hurudi kwa mama zao kujifungua, wakatunzwa huko kwa majuma kadhaa. Hata kwa watu walio mbali nasi hivyo, mikono ya wazee ina nafasi yake.

Tena Nagasaki ni mji wa kutufundisha deni tulilo nalo kwa wazee. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Japani mwaka 1549. Mwaka 1614 dini ilipigwa marufuku nchi nzima, mapadre wakafukuzwa au wakauawa. Kwa zaidi ya miaka 200 Wakristo waliishi kwa kujificha. Walei walibatiza watoto, na wazee walitunza hesabu ya siku za sikukuu, babu akimwachia mjukuu. Mwaka 1865 kikundi chao kilijitokeza kwa Padre Petitjean katika kanisa la Oura, wakataka kuiona sanamu ya Bikira Maria. Walipomwona amembeba Mtoto Yesu walimweleza padre kwamba wao huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana siku ya 25 ya mwezi wa baridi. Fikiri basi: kama wazee wangekatwa na watoto wao, nani angeijua siku ile?

Historia hiyo ina upande wa pili pia. Wakristo wale hawakuwa na umati, wala ng'ombe wa kuchinja, wala kanisa la kukusanyikia. Noeli yao iliingia katika chumba kidogo, ikatosha. Hivyo babu ana haki ya kumwachia mjukuu urithi wake, lakini haki hiyo haitegemei mjukuu kukaa magotini pake tarehe 25.

Ushauri wangu kwa bwana ulikuwa na mambo matatu. Kwanza, aseme yeye mwenyewe na baba yake, kwa sauti yake, bila kusingizia mkewe. Wanaume wengi husema, "Mimi ningekuja, ila mama mtoto hataki." Huo ni woga, na mke atalipishwa kwa miaka mingi. Pili, asitoe kukataa kutupu, bali aseme lini mtoto atafika, na atimize. Tatu, kama anamzuia mkewe asiende kwa watu wake, basi yeye awe hao watu. Hapa kwetu mzazi hutunzwa na mama yake au mama mkwe: anapikiwa uji, anakandwa kwa maji ya moto, nepi zinafuliwa. Kule hakuna mama mkwe. Basi mume avae kanga ya mama mkwe mpaka siku arobaini zitimie!

Akaniambia tarehe 25 Disemba huko si sikukuu ya serikali, watu wanakwenda kazini kama kawaida. Ni kweli. Mkesha wa Noeli Japani ni siku ambayo vijana wapendanao hutoka pamoja, na nyumba nyingi hununua keki nyeupe yenye stroberi na kuku wa kukaanga wa Kentucky, desturi iliyokua baada ya matangazo ya mwaka 1974. Sikukuu ya ukoo ni Mwaka Mpya. Ofisi za serikali hufungwa kuanzia tarehe 29 Disemba hadi 3 Januari, na watu husafiri kwenda kwa wazazi wao.

Nilicheka kuhusu kuku, kisha nikafikiri. Sisi huweka kila kitu katika siku moja: Misa, wageni, mbuzi, michango na madeni ya mwaka mzima. Jioni ikifika mke yuko jikoni hajaketi tangu alfajiri, na mume hajamwambia hata "asante". Si lazima tuige Wajapani, wengi wao hawamjui Yule tunayemwadhimisha. Lakini kupanga siku moja ya wazee na jioni moja ya mume na mke ni busara ambayo haihitaji ndege.

Walibaki. Bwana aliomba ruhusa ya siku moja. Walikwenda Misa ya Mkesha katika Kanisa Kuu la Urakami, mtoto akiwa amefungwa blanketi kifuani pa baba yake. Kanisa la awali mahali hapo liliangamizwa na bomu la atomiki tarehe 9 Agosti 1945. Disemba ile ile Wakristo waliosalia walichimbua kengele moja kutoka kwenye kifusi, wakaipiga mkesha wa Noeli. Hakika wengi waliosikia kengele ile hawakuwa na familia kamili. Nayo ilikuwa Noeli.

Saa sita za usiku kule ni saa kumi na mbili za jioni kwetu. Saa hiyo walimpigia mzee simu ya picha, ng'ombe wakirudi. Alimtazama mjukuu, akatamka jina la ukoo alilomchagulia, kisha akampa mtu mwingine simu. Alikuwa bado ameudhika. Siwezi kukudanganya kwamba uamuzi mwema hauumizi mtu. Alikaa kimya wiki nzima. Siku ya Mwaka Mpya akapiga mwenyewe, akauliza kama mzazi anapata uji.

Mpendwa msomaji, Familia Takatifu haikupitisha siku zake za kwanza kwao Nazareti. Mtoto alizaliwa safarini, akapokewa na wachungaji wasio ndugu zake, kisha akakimbiziwa Misri. Yosefu hakuuliza watu wa ukoo watasema nini. Aliangalia mama na mtoto, akaamka usiku.

Ya kuzungumza nyumbani:
1. Safari yetu ya Noeli hupangwa na nani, na uchovu wake hubebwa na nani?
2. Je, nimewahi kumsingizia mwenzangu mbele ya wazazi wangu?
3. Wazee wetu wanangojea nini kutoka kwetu ambacho tumeahidi na hatujatimiza?

Nawatakieni Noeli yenye amani, popote itakapowakuta.