Mshale wa Kuwinda Ukirudishwa Mchezoni, Nani Atajibu?

Swali ninalolileta hapa linaonekana dogo. Mshale uliokwisha kutumika porini kuua nyama, je, ni vizuri kuutumia tena katika mchezo wa kulenga shabaha mbele ya watu? Wengi watajibu mara moja: kwa nini hapana? Mshale ni mshale. Mimi pia nilijibu hivyo, tena kwa sauti kubwa, mikro mkononi. Ndiyo sababu ninaandika.

Miaka michache iliyopita, hapa Bunia, tulipanga siku ya utamaduni. Kulikuwa ngoma, vyakula, masimulizi, na mwisho wapiga upinde kutoka upande wa Mambasa: wazee wawili Waefe na vijana wao. Shabaha ilikuwa shina la mgomba lililosimamishwa mbele ya ukuta wa matofali. Mgomba ni laini, mshale unaingia bila kuvunjika, unautoa, unaupiga tena. Mishale yote ilikuwa ile ile wanayotumia porini, maana nani ana feza ya kumlipa muhunzi atengeneze mishale ya mchezo? Nikawatangazia watu kwamba mishale ni safi, hakuna cha kuogopa. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote.

Hatari haikuja wakati wa kupiga. Ilikuja wakati wa kutoa. Watoto walikimbilia mgomba, na mmoja wao, wa miaka kumi na moja hivi, akashika mshale karibu na ncha, akavuta, ncha ikamkwaruza kidole. Damu kidogo tu. Mmoja wa wale wazee alisimama upesi kuliko nilivyofikiri umri wake ungemruhusu, akamkamata mtoto mkono, akatazama mshale, akawauliza vijana wake kwa lugha yao. Hawakusikilizana. Mmoja alisema huu ni wa chuma tu, haujapakwa kitu. Mwingine alisema ndiyo, ni wa chuma, lakini katika safari ulifungwa pamoja na ile ya kima.

Tulimpeleka mtoto hospitali kwa pikipiki. Munganga aliosha kidonda, akampiga sindano ya pepopunda, halafu akawa anahesabu mapigo ya moyo wake mara kwa mara mpaka jioni. Mtoto hakupatwa na kitu. Alikula, akacheka, akarudi kwao. Lakini baba yake, mbele ya kuondoka, aliniuliza: «Weye ulisema iko safi. Ulijua, ao ulifikiri?»

Sikuwa na jibu. Ninalitafuta tangu siku ile.

Kwanza tuelewane juu ya vitu vyenyewe, kwa sababu watu wa mji tunavichanganya. Katika msitu wa Ituri si wote wanawinda namna moja. Upande wa Epulu, Wambuti wengi wanawinda kwa nyavu. Waefe, majirani wa Walese, ndio wapiga upinde hasa. Wana mishale ya namna mbili. Ule wa kwanza una kichwa cha chuma, wa kupiga mboloko na nyama wengine wa chini. Ule wa pili ni kijiti chembamba kilichochongwa ncha, bila chuma hata kidogo, na nyuma yake, pahali pa nyoya, kuna jani lililoingizwa katika mpasuko. Ncha yake inapakwa sumu ya mimea. Huo ni wa kima, wanaokaa juu kabisa ya miti. Sasa mpe mtu wa Bunia mishale hii miwili. Ataogopa chuma, na kile kijiti atampa mtoto achezee. Ni kinyume kabisa.

Kuna wanaosema: «Nyama iliyouawa kwa ile sumu si tunaikula? Basi haiwezi kuwa kali.» Hoja hii nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Ni kweli tunaikula. Wawindaji wanakata na kutupa sehemu iliyozunguka kidonda, nyama inapikwa, na sumu nyingi za mishale hazipiti kwa urahisi tumboni. Lakini damu ni mlango mwingine. Kinachoingia kwa mkwaruzo wa kidole hakipiti kwenye chungu.

Wengine wanasema sumu ikikauka imekufa. Hapa nitakumbusha habari ya daktari John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi kuanzia mwaka 1858, na ambaye baadaye alikuwa konseli wa Uingereza kule Zanzibar. Alikuwa ameweka sumu ya mishale mfukoni pamoja na mswaki wake wa meno. Siku moja akasugua meno, akasikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Mabaki tu ya mfukoni! Kutoka mmea ule wa sumu, ambao wataalamu wanauita Strophanthus, Wazungu walikuja kutengeneza dawa ya moyo. Na katika makumbusho ya Ulaya, ambako mishale ya babu zetu imewekwa miaka mingi, wafanyakazi wanafundishwa kuishika kwa glavu. Hawafikiri. Wanachukulia kwamba bado iko hai mpaka ijulikane vingine. Kwa Wakamba wa Kenya, mwindaji anazungushia ngozi ncha iliyopakwa sumu, kwa kulinda sumu isiharibike na kujilinda mwenyewe asijikwaruze. Sisi tulifunga yote pamoja kwa kamba moja.

Tena si sumu peke yake. Mwezi wa 8 mwaka 1887, msafara wa Stanley ulipigwa mishale pale Avisibba, kwenye mto Aruwimi, ambao ni huu huu Ituri wetu ukishafika chini. Luteni Stairs alichomwa karibu na moyo. Daktari Parke alimnyonya kidonda, naye akapona, ingawa kipande cha mshale kilikaa mwilini mwake zaidi ya mwaka. Wenzake wengine, waliokuwa na vidonda vidogo kuliko chake, walikufa siku chache baadaye, taya zimefungika na mwili umekakamaa. Leo tungesema pepopunda. Ncha iliyolala udongoni, ikaingia katika nyama, ikarudishwa podoni bila kuoshwa, haihitaji sumu ya mtu.

Na kuna ufa. Mti wa mshale uliogonga mfupa unaweza kupasuka ndani bila jicho kuona. Siku ukivutwa tena kwa nguvu, unavunjika pale pale kwenye upinde na kuingia katika mkono wa mpigaji. Mpigaji mwenye akili anaukunja kidogo, anauzungusha, anasikiliza kama unalia. Hii haidai shule.

Haya yote ni ya ufundi, na ufundi unaweza kufundishwa asubuhi moja. Kinachonisumbua ni lile neno la yule baba.

Katika desturi ya wawindaji wa kwetu, nyama si ya mtu aliyekimbia mbio kushinda wengine. Ni ya mwenye mshale uliopiga kwanza. Na kama mpigaji aliazima mshale, mwenyewe, hata kama alikuwa amelala kambini, ana haki yake katika nyama ile. Tunaisifu sana desturi hii katika vitabu vyetu kama mfano wa ushirika, na ni haki tuisifu. Lakini tunaisoma upande mmoja tu. Kama mshale unabeba jina la mwenyewe mpaka kwenye nyama, unalibeba vilevile mpaka kwenye kidonda. Mtu hawezi kuwa mwenye mshale siku ya kugawa paja na kuwa mgeni siku ya damu ya mtoto.

Nani basi alikuwa mwenye mshale siku ile? Vijana walimtazama mzee, na mzee aliwatazama vijana. Mimi ninaona hivi: wao walijua kuna jambo la kuuliza, lakini hakuna aliyewauliza. Mimi, kwa kutangaza, nilijifanya mwenye mshale. Kufikiri si kosa. Kosa ni kusema unachofikiri kwa sauti ya mtu anayejua, kisha wengine wanasogeza watoto wao mbele.

Katika Ituri kuna sababu nyingine ya kuuliza mshale ulikotoka. Vita iliyoanza Djugu mwaka 1999 ilianza kwa panga na mishale, kabla bunduki hazijajaa mikononi, na machafuko ya tangu mwisho wa 2017 yameiona mishale tena. Katika nyumba zetu kuna mishale iliyotundikwa ambayo hakuna anayesema ilipiga nini. Kuipeleka mchezoni bila kuuliza, mbele ya mama aliyezika mtu wake, si ujinga wa usalama tu.

Mwenzangu mmoja katika kamati alipinga. Alisema tukitengeneza mishale butu tutakuwa tunafanya teatre, tunawaonyesha watoto uongo na kuuita mila. Tena kuacha mshale mzuri wa chuma ukae bure ni kudharau kazi ya muhunzi. Neno lake lina uzito, na sikulishinda lote. Nilimjibu kwamba mshale wa chuma urudi porini, ambako kila mtu anajua ni nini. Kwa mchezo tukubali ule tu ambao mwenyewe anaweza kusimama akasema: niliutengeneza mimi, haujaingia katika mwili wowote. Kuhusu ile ya kima, hapakuwa na mabishano. Hairuhusiwi, hata ikioshwa mara saba.

Nilikwenda pia kwa yule baba. Nilimwambia: «Nilifikiri tu, papa.» Akanipa kiti.

Mwaka uliofuata mzee alikuja tena. Alileta mishale kumi mipya ya mti mtupu, ncha zimefanywa butu, na tulimlipa kazi yake. Aliomba pia watoto wakae nyuma ya kamba. Kila raundi alikwenda mwenyewe polepole mpaka kwenye mgomba, akaitoa mmoja mmoja, akaihesabu kwa sauti, na watu walimngoja.