Nahodha Ainuke Kiasi Gani?

Maganzo haina ufukwe. Ni mji wa barabarani kati ya Shinyanga na Mwanza, uliokua ubavuni mwa mgodi wa almasi wa Mwadui. Hata hivyo watu wake wanalijua Ziwa Victoria. Wachimbaji na wachuuzi walioifuata dhahabu ya Geita kwa kupitia Mwanza wengi wao walivuka maji yake kati ya Kigongo na Busisi. Walipanga foleni kusubiri MV Misungwi, MV Mwanza au MV Sengerema, mpaka daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Aliyesimama kwenye sitaha ya kivuko, akiinua macho, alikiona chumba cha nahodha kimekaa juu ya malori na mabasi. Wengi walikiona. Wachache walijiuliza kwa nini kimepanda hadi pale, wala hakikuzidi, wala hakikupungua.

Mjenzi wa boti ndogo hana budi kujiuliza, na jibu lake linagusa jambo ambalo dini zimelishughulikia kwa karne nyingi: anayeongoza wengine ana haki ya kuinuka kiasi gani juu yao?

Ufundi kwanza. Nahodha anayesimama anahitaji dari ya karibu mita 2. Sakafu ya kibanda cha usukani ikiwekwa juu ya sitaha, paa litafika mita 2 juu ya sitaha, na kila kilichomo, kuanzia vioo na mbao hadi nahodha mwenyewe, kitakivuta kitovu cha uzito kwenda juu. Hesabu hapo haina huruma. Kilo 100 zilizowekwa mita 2 juu ya kitovu cha uzito zinadai kilo 200 za farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, mita 1 chini yake, ili kitovu hicho kibaki palepale. Upepo nao unadai chake: kasi yake ikiongezeka maradufu, msukumo wake kwenye ukuta wa kibanda huwa mara nne. Ndiyo maana fundi mwangalifu huizamisha sakafu ya kibanda nusu mita ndani ya mwili wa boti. Nahodha anasimama wima kama kawaida, na paa limeshuka nusu mita. Paa lenyewe hulijenga kwa alumini au plaiwudi nyepesi, na vioo vya mbele huviinamisha, juu vikitokeza nje, ili mwanga wa taa za ndani usimrudie nahodha machoni usiku.

Mtu anaweza kudhani basi kwamba kibanda kifupi ndicho chema, na kwamba unyenyekevu ni kukaa chini. Ziwa halikubali. Injini ikisukuma kwa nguvu, gubeti, yaani sehemu ya mbele ya boti, huinuka na kuficha maji yaliyo mbele, na ndani ya maji hayo yaliyofichwa kuna mtumbwi wa mvuvi wa dagaa, au maboya ya nyavu, au mtu. Kwa meli zenye urefu wa mita 55 na zaidi, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unaagiza kwamba sehemu ya maji iliyofichika mbele ya chombo isizidi urefu wa meli mara mbili au mita 500, ikitumika iliyo fupi kati ya hizo. Boti ndogo haibanwi na kanuni hiyo, lakini uhai wa mvuvi aliye mbele yake una thamani ileile. Nahodha aliyejishusha akashindwa kuona ametenda kosa, hata kama moyoni alidhani ni adabu.

Msikitini jambo hili la kimo cha anayeongoza limejadiliwa kwa uzito. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Abu Dawud imepokewa kwamba sahaba Hudhaifa aliwasalisha watu mjini Madain akiwa juu ya jukwaa, na Abu Masud akaishika kanzu yake, akamvuta mpaka chini. Baada ya sala Hudhaifa hakubisha. Alikumbuka kuwa jambo lile lilikatazwa. Lakini Bukhari naye amepokea kutoka kwa Sahl bin Saad kwamba Mtume aliwahi kusali juu ya mimbari, akishuka kila alipotaka kusujudu, kisha akawaeleza watu kuwa amefanya vile wapate kumfuata na kujifunza sala yake. Wanazuoni wengi wameziweka habari hizi mbili pamoja: imamu kuwa juu ya maamuma, yaani wanaosali nyuma yake, bila haja kunachukiza, na haja ikiwapo kunafaa. Wakristo wana mfano wao katika sura ya 8 ya kitabu cha Nehemia, pale Ezra anapoisoma Torati akiwa juu ya jukwaa la mbao lililotengenezwa kwa kazi hiyo, watu wote wakimwona.

Kimo cha Ezra ni mali ya wasikilizaji. Kimo cha nahodha, vivyo hivyo, ni mali ya abiria. Ila chombo kina jambo ambalo jukwaa la nchi kavu halina. Msomaji akipanda jukwaani, miguu ya wasikilizaji haitikisiki. Nahodha akipandishwa shubiri moja, utulivu wa kila aliyemo unapungua kwa kadiri fulani, wakiwemo waliolala na watoto wasiojua lolote. Anaona kwa gharama yao. Kwa hiyo kibanda kirefu kupita haja, kilichowekwa ili boti ionekane kubwa kutoka gatini, kimechukua kitu cha watu.

Pingamizi lipo dhidi ya kuzungumzia kiasi kinachofaa, na ni la kuheshimiwa. Mwaka 1757 mwanafalsafa Edmund Burke aliandika kwamba uwiano hauwezi kuwa chanzo cha uzuri, akatoa mfano wa ndege wawili: batamaji mwenye shingo ndefu kuliko mwili na mkia mfupi, na tausi mwenye shingo fupi na mkia unaopita mwili wote. Wote wawili ni wazuri, basi kipimo kiko wapi? Burke ana haki kwamba hakuna namba moja ya kutosha vyote. Hata hivyo mwanafalsafa wa kale Aristotle alikuwa ameshajibu, alipoeleza kwamba chakula kilicho kidogo kwa Milo, bingwa wa mieleka, kitamzidi anayeanza mazoezi. Kiasi kinapatikana kwa kukitazama kitu chenyewe na kazi yake. Mafundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, hujenga kwa jicho bila michoro, na jicho lao si la kubahatisha. Limefundishwa na bahari.

Maganzo wanajua pia kwamba uwiano una gharama. Jiwe la almasi la rangi ya waridi lililopatikana Mwadui mwaka 1947 lilikuwa na karati 54.5. Lilipokatwa kwa vipimo vinavyoruhusu mwanga kurudi juu lilibaki karati 23.6, na zaidi ya nusu ikapotea.

Kuvuka kiasi kuna gharama ya namna nyingine. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora kilipinduka kikikaribia gati ya kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilisajiliwa kubeba abiria 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Chumba cha nahodha hakikuwa chanzo cha msiba ule. Watu na mizigo walizidi. Lakini sheria iliyokipindua ni ileile inayosimamia kibanda cha boti ya mita 10: chombo hakiulizi kama uzito ni wa mahindi, wa watu au wa fahari ya mwenye mali.

Ndiyo maana ipo siku moja ambayo mjenzi hapaswi kuikwepa. Kibanda kikishafungwa na vioo kuwekwa, boti huachwa ielee kwenye maji tulivu. Uzito unaojulikana husogezwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, na timazi iliyoning'inizwa ndani huonyesha chombo kimeinama kiasi gani. Kutokana na mwinamo huo hupatikana mahali halisi pa kitovu cha uzito. Kikiwa juu mno, hubaki njia mbili: kuongeza farumi chini, na hivyo kupunguza shehena kwa safari zote zitakazofuata, au kulishusha paa. Kulishusha paa kunamgharimu mjenzi peke yake, tena mara moja tu.